Meza ya Akina Brûlesoupe

Baba yangu alinitangazia mwisho wa ukoo wetu huku akimenya yai la kuchemsha. Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Juni. Nilikuwa nimekwenda kwake kumfulia mapazia, naye alikuwa amekaa jikoni, miwani imepanda kwenye paji la uso, karatasi imelala mbele yake kando ya chumvi.

"Tumebaki watatu," akasema. "Mimi, Gaspard na Sista Scholastique. Nchi nzima ina watu milioni sitini na nane, Sylvaine, halafu sisi tuko watatu. Hata mbwa mwitu wanatushinda kwa wingi."

"Na mimi je?"

"Wewe ni Bonnot."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kwamba mimi ni mrefu. Nilikuwa nimeshika pazia lililolowa maji na nilitamani kumvika kichwani. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nina miaka hamsini na mitano, nina sura yake, nina pua yake ambayo hakuna aliyeiomba, nina hasira zake zote. Kitu pekee ambacho sina, kwa hesabu yake, ni jina lake.

Jina lenyewe ni Brûlesoupe, yaani Mwunguza-supu. Najua, cheka tu. Shuleni walikuwa wakininusa nikipita, wakidai wanasikia harufu ya sufuria. Kwa hiyo nilipoolewa na Hervé Bonnot mwaka tisini na tatu, niliandika Bonnot kwenye sanduku la barua, kwenye kitabu cha hundi na kwenye kengele ya mlango, kama wanavyofanya wanawake wote huku kwetu milimani Morvan, na sikudondosha hata chozi moja. Kilichoniuma ni kiti.

Kila Jumapili ya pili ya Agosti, ukoo wetu hukutana katika ukumbi wa kijiji cha Chaumoy. Huja watu themanini hivi, pamoja na mbwa wao. Katikati ya ukumbi hutandikwa kitambaa cheupe juu ya meza moja ndefu, nayo huitwa Meza ya Jina. Hapo wanakaa wenye jina peke yao. Waume, wake na wajukuu wa upande wa mabinti hukaa kwenye mabenchi kando ya ukuta. Kabla ya kula, mkubwa wa ukoo husimama na daftari akasoma majina, na kila anayetajwa hunyoosha mkono na kuitika, "Nipo!" Halafu watu wanaanza kula, na mabinti walioolewa ndio wanaopakua.

Nilipokuwa mdogo meza ile ilikuwa na viti zaidi ya thelathini. Nilikaa kushoto kwa Baba, miguu haifiki chini, nikisubiri kutajwa kwa furaha. Agosti iliyofuata harusi yangu, nilipofika pale nilikuta kiti changu hakipo, na shangazi yangu Fernande akanipa aproni. Naye alipewa ya kwake mwaka sitini na sita. Binamu yangu Maryvonne ndiye pekee aliyewahi kurudi mezani: alipewa talaka, akakaa na wakubwa miaka minne akila vinono, kisha akampenda fundi bomba wa Autun na kurudi jikoni. Mpaka leo anasema ile miaka minne ndiyo iliyomnenepesha.

"Hii hapa nimechapishiwa na karani wa ofisi ya meya," Baba akaendelea, akinisogezea karatasi. "Ni hesabu ya serikali. Itazame."

Nikaitazama. Ilikuwa hesabu ya watoto waliozaliwa na jina letu katika nchi nzima. Kati ya mwaka 1891 na 1915, sitini na mmoja. Kisha thelathini na wanane. Kisha kumi na wanne. Kati ya 1966 na 1990, watano, na mimi nikiwa mmoja wao. Baada ya hapo ilikuwa sifuri, na chini yake sifuri nyingine.

"Kwa hiyo mwaka huu nafunga daftari," akasema Baba. "Nitasoma majina matatu, nitapiga mstari, na Septemba nitalipeleka kwenye hifadhi ya nyaraka kule Nevers. Afadhali nilifunge mwenyewe kuliko kufungiwa. Ila nataka ukurasa wa kwanza uwe na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha babu Jean. Wewe una gari. Utanichukulia?"

Babu Jean ni yule mwanzilishi. Tangu zamani daftari linaanza na yeye. Na kila Agosti Gaspard, binamu wa Baba, mkulima wa miti ya Krismasi ambaye hajawahi kuoa kwa sababu hajawahi kunyamaza, huinuka na kutuhadithia kwamba baba yake Jean alikuwa mpishi katika jeshi la Mfalme Mkuu. Alfajiri ya vita akaunguza supu ya kikosi kizima. Askari wakaondoka na njaa na hasira, wakamkuta adui bado amelala, wakashinda. Mfalme Mkuu akacheka, akampa jina. Kila mwaka idadi ya askari inaongezeka. Mwaka jana walifika elfu nne.

"Nitakuchukulia," nikamwambia Baba. Nilitundika mapazia yakiwa yamepinda, makusudi.

Wiki ile ile nilikwenda ofisi ya meya kuchukua kitambulisho changu kipya. Nilikuwa nimekaa nasubiri, karani akaita, "Bi. Brûlesoupe!" Nikageuka kumtafuta Sista Scholastique.

"Ni wewe, mama," akasema karani, binti mdogo mwenye kucha za kijani. "Sylvaine Brûlesoupe. Picha hii si yako?"

"Picha ni yangu. Lakini mimi ni Bonnot tangu mwaka tisini na tatu."

"Hujawahi kuwa Bonnot hata siku moja." Akaniwekea kitambulisho mbele yangu na kugonga kwa ukucha. "Mstari wa juu, jina lako: Brûlesoupe. Huu wa chini ni wa kutumia tu ukipenda, kama koti. Ndoa haibadilishi jina la mtu hapa kwetu, mama. Ni sheria ya tangu Mapinduzi. Hukuwahi kusoma kitambulisho chako?"

Sikuwahi kukisoma. Nani husoma kitambulisho chake? Unatazama picha, unasikitika, unakirudisha kwenye pochi. Tunaishi hivyo sote, mabinti wa nchi hii: tunafuta majina yetu kwenye milango kwa hiari, wala hakuna aliyetuagiza, na sheria imekaa pembeni miaka mia mbili na zaidi ikitutazama. Nilicheka peke yangu mpaka kwenye gari. Kisha nikageuza gari kuelekea kwa Baba badala ya nyumbani.

Alisoma mstari wa juu. Akasoma wa chini. Akanirudishia.

"Kitambulisho ni cha polisi," akasema. "Daftari ni la ukoo. Jina ni lile linalokwenda mbele, mwanangu. Wewe umemzaa Corentin, na Corentin ni Bonnot. Limeishia hapo."

"Corentin anaweza kulichukua akitaka! Siku hizi ni kujaza fomu tu, baada ya mwezi unarudi kuthibitisha, basi. Nampigia sasa hivi usikie."

Nikampigia mwanangu. Corentin ni mpishi huko Dijon, na mwaka ujao anafungua mgahawa wake. Nilimweka kwenye spika ili Baba asikie.

"Mama," Corentin akasema baada ya kunisikiliza, "nakupenda sana. Lakini mimi ni mpishi. Unataka niandike Mwunguza-supu juu ya mlango wa mgahawa? Nani ataingia?"

Baba akajifuta midomo kwa kitambaa ili nisimwone anacheka. Nilimwona.

"Sawa, chekeni," nikasema, nikakata simu. "Lakini nikwambie kitu, Baba. Ukifunga daftari hilo mimi simo, utakuwa umenizika nikiwa hai. Tena utakuwa umenizika mbele ya watu, mimi nikiwa nimeshika sinia."

Baba alikata mkate, akakata tena, mpaka vipande vikawa vingi kuliko watu. Niliondoka bila kumbusu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na njia nzima nilijisuta kwa kutombusu na kumsuta yeye kwa kunifanya nijisute.

Nevers nilikwenda mwezi wa Julai. Nilikifuata cheti cha babu Jean kwa shingo upande, maana nilijua ndicho kitakachofunga mlango mbele ya uso wangu. Mzee wa hifadhi, mtu mpole aliyenukia peremende, aliniletea kitabu kikubwa cha mwaka 1852, akanipa penseli, akaniambia nisikohoe juu ya karatasi.

Cheti kilikuwa na mistari michache. Jean Brûlesoupe, amezaliwa Chaumoy, tarehe kumi na nne Februari. Mama: Pétronille Brûlesoupe, miaka ishirini, mtumishi wa nyumbani, hajaolewa. Baba: hakutajwa.

Nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu kwa kidole.

"Huyu mama," nikamuuliza mzee wa peremende, "jina hili alilipata kwa nani?"

"Kama alikuwa mtumishi Chaumoy miaka ile, na jina la namna hiyo," akasema akiwa tayari amesimama, "nadhani najua pa kutafuta."

Alirudi na kitabu kingine, cha watoto waliookotwa Paris na kuletwa kulelewa Morvan. Huku kwetu kila mtu anajua habari zao. Hospitali ya Paris ilikuwa ikipokea watoto walioachwa mlangoni, ikawapakia kwenye magari ya farasi, na wake wa wakulima wetu wakawanyonyesha kwa malipo kidogo. Bibi zetu waliwataja kwa sauti ya chini. Sasa yeye akaweka kidole kwenye mstari mmoja: mtoto wa kike, umri siku mbili, ameachwa Machi 1831, amevikwa shati la bluu. Amepewa jina Pétronille Brûlesoupe. Amepelekwa Chaumoy.

"Amepewa na nani?"

"Na karani wa zamu. Walihitaji majina maelfu, mama. Walianza na watakatifu. Wakiisha, walichukua chochote kilichowajia kichwani. Labda siku hiyo chakula cha makarani kiliungua. Hatutajua."

"Na kabla yake? Hakuna Brûlesoupe mwingine?"

"Nimetafuta majina ya namna hii miaka thelathini. Hili sijaliona popote kabla ya Machi 1831. Yeye ndiye wa kwanza."

Nilicheka kwa nguvu. Watu watatu walinigeukia na kuninyamazisha. Baba alikuwa analia kwa sababu tumebaki watatu, na mwaka ule lilipoanza jina hili, lilikuwa na mtu mmoja tu duniani, mtoto wa kike wa siku mbili aliyevikwa shati la bluu. Halafu kicheko kikaniishia, nikamhurumia yule mtoto, nikamhurumia na Baba. Miaka themanini na mitatu ameishi na mpishi wa Mfalme Mkuu. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kumnyang'anya.

Jioni ile nilimpigia shangazi Fernande. Ana miaka themanini na minane, anatembea na fimbo, ulimi wake hautembei na fimbo yoyote. Nilipomaliza kumsimulia alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo askari elfu nne wa Gaspard," akasema, "ni kijakazi mmoja?"

"Mmoja tu."

"Na hakuwa na mume wa kumpa aproni. Maskini, angekaa mezani peke yake. Sikiliza, Sylvaine. Mimi nimebeba masinia tangu mwaka sitini na sita. Mwaka huu siendi jikoni. Nakaa."

"Baba atakuinua."

"Firmin, mdogo wangu? Mimi nilikuwa namfuta kamasi! Aniinue aone. Nitawapigia wengine. Wewe mwambie huyo mwanao mpishi achukue jiko, na wanaume wamsaidie."

Bahasha ya nakala kutoka Nevers nilimpelekea Baba siku moja kabla ya mkutano. Sikutaka ayasikie hayo kwa mara ya kwanza mbele ya watu themanini. Hasira ninayo lakini ukatili sina. Alisoma amesimama, karibu na dirisha.

"Baba hakutajwa?" akauliza.

"Hakutajwa."

"Na mama ni mtoto wa kuokotwa."

"Ndiyo."

Akakaa. Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Gaspard anajua?"

"Bado."

"Usimwambie. Atakufa." Kisha akasema anakwenda kuwalisha sungura, akatoka. Nilisubiri robo saa, nusu saa. Nilimwona kupitia dirisha, ameinama mbele ya vizimba na jani la kabichi mkononi, na sungura wameshashiba. Niliondoka bila kujua lolote.

Kesho yake jua lilikuwa kali na ukumbi ulikuwa umejaa. Gaspard alikuwa ameandaa Meza ya Jina kwa mikono yake mwenyewe: kitambaa cheupe, maua, na sahani tatu katikati ya meza ya viti thelathini. Sista Scholastique alikuwa ameshakaa kwenye moja, mdogo sana nyuma ya chupa ya mvinyo.

Saa sita Fernande aliingia. Alivuta kiti kwa ndoano ya fimbo yake, akakaa.

"Fernande, umechoka?" Gaspard akamuuliza. "Mabenchi yako ukutani."

"Sijachoka. Nimekaa."

Nyuma yake akaja Maryvonne, naye akakaa. Kisha wengine, mmoja mmoja, kila mmoja amevaa gauni lake zuri na hakuna aliyevaa aproni, mpaka wakatimia kumi na mmoja. Gaspard alikuwa akigeuza shingo huku na huku kama kuku.

"Jamani, meza imevamiwa! Na chakula nani anapakua?"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Corentin alitoka na kofia yake nyeupe ya kazi, na nyuma yake waume: Hervé wangu na aproni ya maua, na waume wote wawili wa Maryvonne, wa zamani na wa sasa, wamebeba sinia moja. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Sista Scholastique akasogeza sahani yake kando, akasema kwa ile sauti yake nyembamba, "Karibuni, karibuni. Miaka hii nilikuwa nakula na wazee wawili wanaogombania siasa. Nilidhani ndiyo toharani."

Na mimi? Mimi niliyeanzisha yote nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na sinia la nyama ya nguruwe. Fernande alinikonyeza, akanipigia kiti kwa kiganja. Sikwenda. Wale wengine Baba akiwainua, wangecheka na kumtukana na mambo yangeisha. Akiniinua mimi, ningekuwa nimeambiwa na baba yangu mzazi kwamba simo, na baada ya hapo ningekwenda wapi? Nilibaki na sinia langu.

Baba aliingia. Alikuwa amevaa suti yake nyeusi ya mazishi, daftari kwapani. Aliiona meza. Alitembea hadi mahali pake, akaweka daftari juu ya kitambaa, lakini hakukaa.

"Mwaka huu nilikusudia kulifunga hili," akasema. "Nina jambo la kusema kwanza. Gaspard, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi shika meza." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua. "Babu Jean hakuwa na baba mpishi. Hakuna Mfalme Mkuu hapa. Kulikuwa na msichana, anaitwa Pétronille. Waliomzaa walimwacha mlangoni Paris, akaletwa hapa Chaumoy akiwa na siku chache. Jina alipewa na karani. Alifanya kazi katika nyumba za watu, akamzaa Jean bila mume, na kwa kuwa hakuwa na jina lingine la kumpa, alimpa lake. Sisi sote tumetoka hapo."

Gaspard alikuwa amefungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mwishoni akauliza kwa unyonge, "Na supu?"

"Pengine hata supu haikuwepo," akasema Baba.

Mtu mmoja alicheka, kisha wote, na Gaspard naye akacheka huku akijifuta macho, na nikaona hatakufa.

"Subirini," akasema Baba. "Sijamaliza. Miaka thelathini na minne nimesimama hapa nasoma majina, na baba yangu kabla yangu. Kila mwanamke aliyeolewa tulimpigia mstari. Tungekuwepo siku hiyo, tungempigia mstari Pétronille pia, na hapa pasingekuwa na mtu. Jana nilikaa na sungura mpaka nikaona aibu ya kutosha. Leo asubuhi nimeandika upya."

Akavaa miwani. Akafungua daftari.

"Scholastique."

"Nipo!"

"Gaspard."

"Nipo, ingawa sijui tena mimi ni nani."

"Fernande."

Shangazi yangu alikuwa na maneno mia tayari, namjua. Alinyoosha mkono uliokunjamana, akasema tu, "Nipo." Akarudia, "Nipo, Firmin."

"Maryvonne."

"Nipo! Na safari hii sitoki hata nikiolewa mara ya tatu!"

Waume wake wawili wakapiga makofi. Baba aliendelea, jina kwa jina, hakuruka hata mmoja, na kila jina likiitwa mkono unapanda mezani. Wengine walilia, wengine waliitika kwa kelele za shuleni. Mimi nilikuwa nahesabu kwa midomo. Kumi. Kumi na mmoja. Kumi na wawili. Sinia lilianza kunilemea, nikaliegemeza mlangoni. Akamtaja wa kumi na tatu, akaitika. Baba akajinyooshea kidole mwenyewe, akasema, "Firmin, nipo," na hao wakawa kumi na wanne.

Akaacha kusoma.

"Kumi na wanne!" Gaspard akapaza sauti. "Kutoka watatu! Tunaongezeka kuliko sungura!"

Watu wakashangilia, glasi zikagongana. Nilimtazama Baba, naye hakunitazama. Alikuwa anajipapasa mifuko ya suti, mmoja baada ya mwingine. Nikajiambia, haya, Sylvaine, sasa umejua. Nikageuka nirudi jikoni.

"Wewe," akasema Baba. "Unakwenda wapi na nyama yetu?"

Nikasimama. Alikuwa amepata kalamu.

"Bado mmoja," akawaambia watu. "Huyu sikumwandika nyumbani. Huyu nilimwambia usoni kwamba hayumo, kwa hiyo namwandika mbele ya macho yenu." Akainama juu ya daftari, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, na kuniuliza kama karani asiyenijua: "Jina?"

Nilisogea hatua moja na sinia langu. "Sylvaine," nikasema.

"La ukoo?"

"Brûlesoupe."

Akaandika polepole, herufi moja moja, na ukumbi mzima ukasikia kalamu ikikwaruza. Hakuinua kichwa.

"Mtoto wa nani?"

"Wako, Baba."

Kalamu ikasita. Aliivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitambaa cheupe cha meza, ambacho amekataza watu kukigusa maisha yake yote. Kisha kwa mguu akasukuma kiti kilichokuwa kushoto kwake.

"Basi njoo ukae," akasema, "nyama inapoa."